Marekani kwa viza ya muda, kazi au masomo: jinsi ya kulinda haki zako hatua kwa hatua

Haya jamani, naiandika hii mara moja ili mtu akiuliza tena nimtumie tu. Maswali ni yale yale kila msimu: bosi kachukua paspoti yangu nifanyeje, nimefanya masaa 60 nimelipwa kama nimefanya 40, wakala anataka ela nyingine kabla ya viza, mimi mwanafunzi je naruhusiwa kufanya kazi kwenye mgahawa wa jamaa yangu. Majibu yapo, na mengi wala hayahitaji wakili, shida ni kwamba mtu anaanza kutafuta haki yake siku kashafukuzwa na hana hata karatasi moja mkononi.

Mwongozo huu ni wa Marekani tu, na ni kwa waliokuja kwa muda. Yani H-1B (kazi za kitaalamu), H-2A (mashamba), H-2B (kazi za msimu zisizo za shamba, kama hoteli, bustani, viwanda vya samaki), J-1 (programu za kubadilishana), F-1 (wanafunzi), na wafanyakazi wa ndani waliokuja na wanadiplomasia au maofisa wa mashirika ya kimataifa, hao wanakuwa A-3 au G-5. Mambo ya grinikadi humu hayamo.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja. Watu wanachanganya ruhusa ya kukaa nchini na haki ya kulipwa. Viza ni mambo yako na serikali, mshahara ni deni la bosi kwako. Bosi akikwambia "ukilalamika napiga simu uhamiaji" anataka uamini hivyo vitu viwili ni kimoja. Siyo kimoja. Kitengo cha mishahara cha Idara ya Kazi kinamdai bosi ela ya masaa uliyokwisha fanya, hakianzi kukuuliza viza yako ikoje, na huko kukutishia ili usilalamike ni kosa lake jingine juu ya lile la kwanza.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Paspoti yako, ile yenyewe, kwako. Siyo kopi.
- I-94. Hii ndo rekodi ya kuingia nchini, haiji kwa posta, unaitoa mwenyewe kwenye tovuti ya forodha na mipaka, i94.cbp.dhs.gov. Tarehe iliyopo hapo ndo inayokuhesabia siku za kukaa, siyo tarehe iliyogongwa kwenye viza. Hapa watu wamelia sana.
- Fomu ya viza yako: DS-2019 kwa J-1, I-20 kwa F-1, na kwa wa H ile karatasi ya idhini ya maombi ya mwajiri. Wa H-1B dai pia kopi ya LCA (ile fomu mwajiri aliyoandika mshahara wako mbele ya Idara ya Kazi), lazima akupe.
- Mkataba, kwa lugha unayoielewa.
- Daftari dogo la kawaida na kalamu. Nitaeleza.
- Akaunti ya benki ya jina lako peke yako.
- Mtu mmoja nje ya hapo kazini anayejua unaishi wapi, jina la bosi na namba ya simu yake.

Piga picha zote hizo, zitume kwenye imeili yako na kwa ndugu mmoja nyumbani. Dakika kumi tu.

HATUA

1. Jua herufi yako

Usiseme "nina viza ya kazi". Angalia herufi na namba, manake haki zingine ni za kila mtu na zingine zinafuata hiyo herufi. Za kila mtu ni hizi: kulipwa angalau kima cha chini, kutobaguliwa, kutoshikwashikwa wala kutongozwa kwa nguvu, kazi salama, kuomba msaada kwa chama cha wafanyakazi au shirika la haki, na kuondoka kwa bosi anayekutesa.

Za herufi ziko tofauti sana. Wa H-2A analala bure, mwajiri ndo anatoa nyumba, na nauli ya kuja anarudishiwa akimaliza nusu ya mkataba, akimaliza wote analipiwa na ya kurudi. Anapewa vifaa vya kazi bure. Halafu ana kitu kizuri wengi hawakijui, mwajiri amemhakikishia angalau robo tatu ya masaa yaliyo kwenye mkataba. Chukua mkataba wa wiki 20 wa masaa 40 kwa wiki, hayo ni masaa 800, robo tatu yake 600. Kama mvua ilikaa shambani ukaishia kufanya 500, zile 100 anakulipa hata kama ulikaa kwenye kitanda. Wa H-2B naye ana robo tatu yake, ila inahesabiwa kwa vipande vya wiki 12, na gharama ya viza anarudishiwa ndani ya wiki ya kwanza ya kazi.

Wa H-1B bosi akikwambia "kaa kwanza nyumbani hamna mradi" bado anakulipa. Kama kukaa kumetokana na yeye kukosa kazi, mshahara unaendelea.

Mayaya wa J-1, wale wa programu ya opea: mwisho masaa 10 kwa siku na 45 kwa wiki, siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, wikiendi moja nzima kila mwezi, na likizo ya wiki mbili yenye malipo. Na kazi ni watoto. Kufua mapazia ya mama mwenye nyumba na kuoga mbwa haimo.

2. Usipande ndege na mkataba wa mdomo

Omba mkataba kabla ya kulipa chochote. Uwe na jina kamili la mwajiri, mahali pa kazi, masaa, mshahara kwa saa, makato yote na nani analipia nyumba. Sasa kuhusu wakala: kwa H-2A na H-2B ni marufuku kumtoza mfanyakazi ela ya kutafutiwa kazi, iwe mwajiri, iwe wakala, iwe binamu wa wakala. J-1 ni tofauti, kule mdhamini wa programu anatoza ada halali, ila lazima akuonyeshe mchanganuo wake mapema. Kama ushalipa ela ya wakala usinyamaze kwa aibu, tunza risiti au ujumbe wa simu ulioonyesha muamala, inadaika.

Ubalozini, kama viza yako ni H, J, A-3 au G-5, afisa anatakiwa akupe kijitabu cha haki zako na ahakikishe umekipata, umekisoma na umekielewa. Hiyo ni sheria ya 2008 iliyobeba jina la William Wilberforce. Unakuta mtu anaitikia "yes yes" apigiwe muhuri aondoke. Kisome. Usipoelewa sema hujaelewa, haikunyimi viza. Na wa A-3 na G-5 mahojiano yanafanyika bosi hayupo chumbani wala wakala hayupo, kwa hiyo kama mkataba una uongo, pale ndo pa kusema.

3. Siku ya kwanza kazini

Mwajiri ana siku tatu za kazi tangu uanze kuhakikisha unaruhusiwa kufanya kazi, kwa fomu inaitwa I-9. Ataangalia nyaraka zako. Anaangalia, anaweza kutoa kopi, anakurudishia hapo hapo. Akisema "niachie paspoti naitunza kwenye sefu kwa usalama wako" mjibu kwa upole, asante, naitunza mwenyewe. Kumshikilia mtu paspoti ili kumlazimisha afanye kazi ni jinai ya shirikisho, kifungo chake kinafika miaka mitano. Sisemi umtajie kifungo siku ya kwanza mkaanza kwa kununiana, lakini ujue.

Namba ya soshosekyuriti (namba yako ya mambo ya mshahara na kodi) unaomba mwenyewe kwenye ofisi zao na kadi ni bure. Mtu akikuuzia "huduma ya kukufuatilia" anakula ela yako. Subiri kama siku kumi baada ya kuingia nchini ndo uende, mifumo yao iwe imeshakuona. Na unaweza ukaanza kazi huku namba bado inatengenezwa, bosi asikutumie hiyo kama sababu ya kutokukulipa.

4. Daftari. Hapa nitakaa kidogo

Mimi mwenyewe nilikuja kwa J-1 ya kazi za kiangazi, mgahawa mmoja kwenye mji wa ufukweni, siutaji. Tulikuwa sita chumba kimoja, kodi inakatwa kwenye mshahara, kila mtu kiasi chake na hakuna anayejua kwa nini. Mwezi wa pili nikahisi masaa hayalingani. Nikamfuata meneja, akafungua kompyuta akanionyesha masaa 38. Mimi najua nilifunga jikoni saa sita usiku siku tano mfululizo. Nikabaki nimesimama kama mwizi, manake sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Kuna mama mmoja wa Filipino tukiosha naye vyombo, alitoa kidaftari kwenye aproni, ameandika kila siku yake tangu afike, hadi dakika za chakula. Na kwa kuwa tulikuwa zamu moja, daftari lake likawa ushahidi wangu. Tulilipwa. Yeye wote, mimi sehemu.

Kwa hiyo kila siku, kabla ya kulala, andika: tarehe, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, mapumziko ulitoka saa ngapi ukarudi saa ngapi, ulifanya nini, nani alikuwa msimamizi. Andika kwa mkono, kwa wino, Kiswahili kinatosha kabisa. Usiandike mwisho wa wiki kwa kukisia, inajulikana. Mapumziko mafupi ya dakika 5 mpaka 20 yanahesabika kama kazi, yanalipwa. Ya chakula ya nusu saa hayalipwi, lakini ukiwa unakula huku unapokea simu au unahudumia wateja hayo siyo mapumziko, andika.

Ratiba zinazobandikwa ukutani piga picha. Ujumbe wa WhatsApp wa "njoo saa kumi na moja alfajiri" weka skrinshoti. Usiiibe faili la ofisi wala kuingia kwenye kompyuta ya bosi, utageuziwa kesi.

5. Hesabu mshahara mwenyewe

Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu Julai 2009. Majimbo mengi na miji mingine wana cha juu zaidi. Unalipwa kile kilicho juu kuliko vyote: cha shirikisho, cha jimbo, cha jiji au kile cha kwenye mkataba wako.

Masaa yakizidi 40 ndani ya wiki, kila saa ya juu inalipwa mara moja na nusu. Fanya mfano: dola 12 kwa saa, umefanya 52. Zile 40 ni dola 480. Zile 12 ni kwa dola 18, sawa na 216. Jumla 696. Bosi akikulipa 624 (52 mara 12) ameondoka na dola 72 zako, na akifanya hivo wiki 15 ni dola 1,080. Ndo wizi wenyewe ulivyo, hausikiki.

Tahadhari: ovataimu ya shirikisho haimgusi mfanyakazi wa shamba, wala mfanyakazi wa ndani anayelala hapo hapo kwa bosi, wala wengi wenye mshahara wa mwezi wa kitaalamu. Yapo majimbo yanayowapa, kwa hiyo angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kukata tamaa.

Wahudumu wa mgahawa: mnaweza kukuta mmeandikiwa dola 2.13 kwa saa mkashtuka. Inaruhusiwa kishirikisho ila kwa sharti kwamba bakshishi ikijumlishwa ifike 7.25, isipofika bosi anajazia. Na meneja haruhusiwi kugusa bakshishi zenu, hata senti.

Makato sasa. Kwenye slipu tafuta mistari ya soshosekyuriti (mafao ya uzeeni) na medikea (bima ya afya ya wazee), kwa pamoja ni asilimia 7.65. Mwanafunzi wa F-1 au J-1 kwa kawaida hakatwi hizo ndani ya miaka mitano ya mwanzo ya kalenda, na wa H-2A hakatwi. Maofisi mengi ya uhasibu hayalijui hili wanakata tu. Mwombe mwajiri arudishe, akikataa unadai mamlaka ya kodi kwa fomu 843. Wa H-1B wewe unakatwa kihalali. Kodi ya mapato hiyo kila mtu anaendelea nayo, na wanafunzi fomu 8843 mnajaza kila mwaka hata kama hamkupata senti.

6. Wanafunzi, mipaka yenu iko hapa

F-1 ndani ya chuo: masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ni jumla, ukiwa na kazi mbili za chuo huwezi kufanya 20 na 20. Likizo unaweza kufanya muda wote. Nje ya chuo mpaka upate ruhusa kwanza, yani CPT (kazi iliyo sehemu ya masomo, inaandikwa kwenye I-20 kabla hujaanza), au OPT (miezi 12 ya mafunzo kwenye fani yako, unasubiri kadi ya kibali cha kazi), au kibali cha ugumu wa uchumi, hicho mpaka uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo. Wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24 juu ya OPT.

Mambo matatu yanayoangusha watu. Moja, CPT ya muda wote ikifika miezi 12 inakufutia OPT. Mbili, ukiwa kwenye OPT siku ambazo huna kazi zinahesabiwa, mwisho 90. Tatu, kusuka nywele kwa malipo, kuendesha gari la aplikesheni, kusaidia dukani "kwa jamaa", zote ni kazi. Eti nalipwa keshi, keshi haibadilishi kitu. Na ujanja wa "najitolea" kwenye kazi ambayo wengine wanalipwa nao haupiti.

Kabla ya kugusa kazi yoyote nenda kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, wanamwita DSO. Muulize kwa imeili ili jibu libaki limeandikwa.

Ila sikiliza, mwanafunzi aliyefanya kazi bila ruhusa ana tatizo na uhamiaji, kweli, lakini mshahara wake haugeuki kuwa zawadi kwa bosi. Tatizo lako lipeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla hujaenda ofisi yoyote, deni lako bado ni deni.

7. Mwili wako

Ukiumia kazini sema siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Majimbo karibu yote yana bima ya wafanyakazi walioumia kazini, matibabu hayatoki mfukoni mwako. Ukiwa mahututi nenda emajensi ya hospitali, sheria ya 1986 inawalazimu wakupime na wakutulize hata kama huna bima wala ela (bili inakuja baadaye, inajadilika). Unaruhusiwa kudai glovu, maji, choo, mafunzo kwa lugha unayoielewa na maelezo ya dawa unazopuliza shambani. Malalamiko ya usalama ni OSHA, ofisi ya serikali ya usalama kazini, 1-800-321-6742.

Kushikwashikwa, kuambiwa ukilala na mimi nakuongezea zamu, kutukanwa rangi au dini yako, hizo ni za EEOC, tume ya serikali ya kuzuia ubaguzi kazini, 1-800-669-4000. Siyo kwa wanawake tu. Andika kwenye daftari kama unavyoandika masaa: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo.

8. Kulalamika, mpangilio na tarehe

Anza na bosi kwa maandishi, ujumbe mfupi usio na matusi: "Wiki ya tarehe fulani nilifanya masaa 52, nimelipwa bila ovataimu, naomba marekebisho." Wengi wanalipa hapo hapo, ukishaonyesha una hesabu. Ila kama kuna vitisho, kipigo au paspoti imeshikwa, ruka hatua hii kabisa.

Asipolipa:

- Mshahara na ovataimu: kitengo cha mishahara cha Idara ya Kazi, 1-866-487-9243. Muda ni miaka miwili, mitatu kama bosi alikusudia.
- H-1B kuhusu mshahara wa LCA: fomu WH-4, ndani ya miezi 12.
- Ubaguzi na unyanyasaji: siku 180, kwenye majimbo mengi zinafika 300.
- Kufukuzwa kwa sababu uliripoti hatari ya usalama: siku 30 tu! Hii inawapita watu wengi.
- J-1: mdhamini wako kwanza, namba yake ipo kwenye karatasi zako. Akikuzungusha, piga Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, 1-866-283-9090.
- Kulazimishwa kazi, kufungiwa, kutishiwa familia: 1-888-373-7888, au tuma ujumbe kwenda 233733, masaa 24. Ukiwa hatarini sasa hivi, 911.

Kiingereza kikigoma usikate simu. Sema tu "Swahili" usubiri, wana wakalimani.

Kuongelea mishahara na wenzio nako ni haki, bosi hawezi kukataza msiulizane mnalipwa ngapi. Hapa ila wa mashambani na wa majumbani sheria ya shirikisho imewaacha nje, kwao tena ni jimbo.

9. Kuondoka bila kuharibu viza

Hamna mtu anayeweza kukulazimisha uendelee kufanya kazi. Lakini usitoke tu usiku ukapotelea mjini, panga. Wa H-1B akiacha au akiachishwa ana mpaka siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine, au mpaka I-94 iishe, ile inayotangulia. Wa H-2A na H-2B nao wanazo siku 60 tangu kanuni mpya za Januari 2025. Mwajiri mpya akishapeleka maombi unaweza kuanza kwake huku yanashughulikiwa. J-1 ni tofauti, mdhamini lazima akubali sehemu mpya kwanza, ukianza kabla ya hapo umevunja programu.

Bosi wa H-1B akikufukuza kabla muda haujaisha anatakiwa alipie nauli yako ya kurudi nyumbani. Na ile karatasi ya "ukiondoka mapema unalipa faini", sheria ya H-1B inakataza faini ya kumwadhibu mtu kwa kuondoka. Fidia ya hasara ya kweli ni jambo jingine, hiyo mwonyeshe wakili kabla hujalipa chochote.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWAKA

Kusaini karatasi tupu, au kusaini slipu ya masaa pungufu "ili tumalize". Ukilazimishwa saini, andika pembeni yake masaa ya kweli.

Kuacha mshahara uingie akaunti ya bosi au ya wakala. Kwa A-3 na G-5 hii ni dalili mbaya kuliko zote.

Kumwamini "mtaalamu wa viza" wa mtaani au mnotari. Huku mnotari siyo wakili, anashuhudia saini tu. Vyuo vingi vya sheria vina kliniki za bure, anzia huko.

Kutupa daftari baada ya kubadilisha kazi. Kaa nalo angalau miaka mitatu.

UKIKWAMA

Bosi kagoma kurudisha paspoti. Iombe kwa ujumbe wa maandishi mara moja. Isiporudi, piga 1-888-373-7888 na uripoti pia ubalozi wa nchi yako, wanaweza kukupa nyingine au hati ya dharura. Usiingie kuichukua kwenye sefu yake.

Nimelazimishwa kazi na viza imeshaisha. Kuna viza ya T kwa waliosafirishwa na kutumikishwa, na viza ya U kwa waathirika wa uhalifu fulani wanaosaidia polisi. Ya U foleni yake ni ndefu mno, inatoa 10,000 tu kwa mwaka. Hizi usijaze peke yako.

Sina slipu wala daftari, nimechelewa. Siyo mwisho. Kutunza rekodi za masaa ni wajibu wa mwajiri kisheria, siyo wako. Kaa leo uandike unachokumbuka, kusanya meseji, picha zenye saa, safari za basi kwenye simu, na wenzako wa zamu.

Kiranja wa kambi ya wafanyakazi anasema wanasheria hawaruhusiwi kuja hapa. Hata ukiishi kambini una haki ya kuzungumza na unayemtaka wakati wako wa mapumziko. Mkutane dukani au kanisani kama pale pana macho.

Nimeshafukuzwa kwa kulalamika. Andika tarehe uliyolalamika na tarehe uliyofukuzwa, hizo mbili zikikaribiana ndo kesi yako ilipo. Halafu angalia tena zile tarehe za hatua ya 8, na zile siku 60.

Nimesharudi nyumbani, ela bado wananidai... yani nawadai. Unaweza kulalamika ukiwa huko huko, muda uliowekwa ni ule ule. Na kuna kitu kingine: mara nyingi Idara ya Kazi inakuta imeshambana bosi kwa malalamiko ya wengine, ela yako imetoka, ila wewe hupatikani kwenye anwani ya zamani. Wanaitunza miaka mitatu. Ingia tovuti ya hicho kitengo cha mishahara, sehemu ya wafanyakazi wanaodai, andika jina la kampuni uliyofanyia, kisha tafuta jina lako. Tafuta na lile walilokosea herufi kwenye slipu, manake la kwangu waliliandika kwa herufi mbili pungufu.